Ufa wa Dowlish Wake usizibwe kwa saruji: barua ya wazi

Kwa: Baraza la kijiji cha Dowlish Wake, Somerset, Uingereza, wazee wa kanisa la Mtakatifu Andrea, idara za barabara na mipango za Halmashauri ya Somerset, na yeyote atakayepewa kazi ya kugusa mawe ya kijiji hicho.

Yah: Sharti la chokaa katika kila ukarabati, mkubwa na mdogo, na maneno machache karibu na kaburi la Speke

Waheshimiwa,

Wahenga walituachia agizo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutaja uzibwe kwa kitu gani, na si kwa kusahau. Zama zao, kutoka Lamu hadi Kilwa, kilichokuwapo ni chokaa, basi. Mfuko wa saruji ulipoingia, methali ilibaki vilevile ila mambo yakageuka: siku hizi mtu anaziba ufa leo, na kwa kuuziba huko ndiko anakojitafutia ukuta wa kujenga kesho.

Sisi tunaoandika ni watu wa chokaa: mafundi wa nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki, na wenzetu wanaofuatilia jinsi majengo ya kale yanavyotunzwa Uingereza. Tunaandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Tafsiri mtaipata, lakini barua ni ya wazi, na watakaoisoma wengi ni watu wa upande wetu, ambao nao wana haki ya kujua kinachoombwa na kwa nini.

Kijiji chenu kina watu wasiofika mia tatu. Kina nyumba za mawe ya rangi ya asali, paa za majani, daraja dogo la farasi wa mizigo juu ya kijito cha Dowlish na kivuko cha kukanyaga maji kando yake, ghala la kale la kukamulia tufaha, na kanisa. Ndani ya kanisa hilo kuna kumbukumbu ya John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto Nile, mtu ambaye kila mtoto aliyesoma historia kuanzia Mwanza hadi Jinja amemkuta kitabuni. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864 huko Neston, Wiltshire, bunduki ilipofyatuka akivuka ukuta mfupi wa mawe, siku moja kabla ya kukutana na Burton, mpelelezi mwenzake waliyehitilafiana juu ya chanzo cha Nile, mbele ya wanajiografia mjini Bath. Akaletwa kuzikwa kwenu, na Livingstone alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Hicho ndicho kinachotufanya tutazame mawe ya kijiji kilicho mbali namna hii. Mgeni kutoka kwetu akija, anakuja kwa sababu ya kaburi, lakini anachokiona kwanza ni kijiji.

Hatusemi daraja lenu limeharibiwa, wala hatumlaumu mtu. Tunaandika mapema kwa sababu tunajua mahali mawe ya namna hii yanapouawa, na si kwenye miradi mikubwa. Daraja na kanisa vimo katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. Sheria ya mwaka 1990 inadai kibali kabla ya kubadili jengo la orodha hiyo, na kazi ya kanisa inapitia kibali cha dayosisi. Mradi mkubwa utakuwa na mchoro, mtaalamu na vikao vyake. Hatari iko Ijumaa jioni. Gari limekata kona vibaya, mawe manne ya ukingo yako kijitoni, mtu mwenye nia njema ana mfuko mmoja wa saruji uliobaki kazini, na kufikia magharibi mawe yamerudi mahali pake. Hakuna aliyeomba kibali, hakuna aliyeona ubaya, na picha inapigwa ya kumshukuru. Baada ya miaka kumi na tano mawe hayo manne yanaanza kumenyeka.

Basi tunachoomba ni ukurasa mmoja wa masharti, upitishwe na baraza, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo na upewe kila mwenye mwiko. Yafuatayo ndiyo tunayotaka yawemo, pamoja na sababu zake, kwa kuwa sharti lisilo na sababu huvunjwa siku ya kwanza ya mvua.

Tuanze na jiwe lenyewe. Ni la Ham Hill, linachimbwa hadi leo maili kama kumi kutoka kijijini. Ni jiwe la chokaa lililojaa vipande vya kombe, na chuma kilichomo ndicho kinacholipa ile rangi ya asali. Limelala kwa tabaka, nyingine ngumu, nyingine laini, kwa hiyo likinyeshewa miaka mia mbili linachongeka mistarimistari. Ndugu yake wa kwetu ni tumbawe: jepesi kukatwa, jema kuonekana, na linakunywa maji kama mchanga.

Maji yataingia. Hakuna ukuta wa mawe ya namna hii uliowahi kuyazuia; mvua inatoka juu, unyevu unapanda kutoka ardhini, na penye daraja kijito kinarusha kutoka chini. Swali ni yatokee wapi. Katika ukuta wa chokaa yanatokea kwenye viungo, yaani ule udongo wa kujengea ulio kati ya jiwe na jiwe. Kiungo cha chokaa ni laini kuliko jiwe na kina matundu madogo mengi. Ndicho kinachotoa jasho. Chumvi zinazosafiri na maji zinatua humo, baridi inauma humo, na baada ya miaka mingi kiungo kinachakaa na kujazwa upya. Ndiyo kazi yake, kuchakaa kwa niaba ya jiwe.

Ukijaza saruji, mlango huo umefungwa. Maji yanatafuta njia kupitia kwenye jiwe, na chumvi zinatua nyuma ya uso wa jiwe, zinakauka na kuwa fuwele na kusukuma. Majira ya baridi maji hayohayo yanaganda, na maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Uso wa jiwe unajitenga kama ganda la muhogo uliochemka. Mwisho unapata sura ambayo fundi yeyote wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anaitambua akiwa ng'ambo ya mtaa: saruji imesimama mistari kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na mawe katikati yamebonyea. Asiyejua atasema, tazama saruji ilivyo imara, mawe ndiyo mabovu.

Kwa daraja kuna la ziada. Tao halijatulia hata siku moja. Linatanuka kwa jua, linanywea kwa baridi, linabonyea kidogo linapokanyagwa. Chokaa inakwenda nalo. Saruji inakatika, na pale ilipokatika maji yanaingia kwa wingi kuliko yalivyokuwa yakiingia kabla ya kuzibwa.

Sasa kazi. Kwa ukuta mkavu wa nyumba, chokaa laini ya kuzimwa, ile iliyolala shimoni au ndani ya ndoo miezi isiyopungua mitatu, inafaa kabisa. Kwa daraja haifai, kwa sababu chokaa hiyo hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa, na penye maji siku zote itabaki rojo. Darajani itumike chokaa ya haidroliki, ambayo inaanza kukaza hata penye unyevu. Mfukoni mtaona alama NHL, yaani chokaa asilia ya haidroliki, ikifuatwa na namba 2, 3.5 au 5. Namba ikipanda, ugumu unapanda. Kwa jiwe la Ham, 3.5 inatosha. Fundi akishawishi 5 kwa kuwa "ina nguvu zaidi," aulizwe nguvu hizo zitamkaba nani.

Vipimo: chokaa sehemu moja, mchanga sehemu mbili na nusu, vipimwe kwa ndoo na si kwa beleshi, kwa sababu beleshi la mchanga mbichi na beleshi la mchanga mkavu si kitu kimoja. Mchanga uwe mkali, uliooshwa, wenye punje za ukubwa mbalimbali, kubwa kabisa zisizidi theluthi ya upana wa kiungo. Mchanga laini wa kupiga lipu una punje za aina moja, na udongo wake hupasuka ukikauka. Rangi itafutwe kwenye mchanga. Kuna mchanga wa manjano karibu na kwenu wa kutosha, hakuna haja ya unga wa rangi. Changanya vikavu kwanza, ongeza maji kidogo kidogo, koroga dakika kumi, acha utulie robo saa, koroga tena. Ukishika tonge mkononi likabaki tonge bila kuchafua kiganja kwa rojo, umefika. Wengi wanakosea hapa kwa kuongeza maji ili mkono uwe mwepesi. Maji hayo yakitoka yanaacha nyufa. Na wavae glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na anayedhani ni vumbi tu hatadhani hivyo mara ya pili.

Kiasi chenyewe si kikubwa kama watu wanavyohofia. Katika ukuta wa mawe yasiyochongwa sawasawa, mita moja ya mraba ina viungo vya urefu wa mita kumi hadi kumi na mbili. Upana ukiwa milimita 20 na kina milimita 40, hiyo ni lita kama kumi za udongo. Mfuko mmoja wa kilo 25, ukichanganywa kwa kipimo tulichotaja, unafika mita za mraba nane au tisa baada ya kuhesabu unaomwagika. Ukingo wa daraja dogo ni mifuko michache. Hoja ya gharama hapa haina miguu.

Kiungo kikongwe kitolewe kwa tindo nyembamba na nyundo, kwa kina cha mara mbili ya upana wake, na kisipungue milimita 25. Grainda ipigwe marufuku kabisa. Kiungo kimepinda, diski inakwenda moja kwa moja, na jiwe lililokatwa ncha halioti tena. Vumbi litolewe kwa brashi, kisha mawe yalowanishwe, jioni na tena asubuhi yake, hadi yawe na unyevu bila maji kutiririka. Jiwe kavu hunyonya maji ya udongo kabla haujakaza, na udongo unabaki unga. Kiungo chenye kina kijazwe kwa tabaka za milimita 20 hadi 25, kila moja ikisukumwa kwa nguvu hadi nyuma. Nafasi ikiwa kubwa, pachikeni vijiwe vya jiwe lilelile ndani ya udongo, kama mafundi wa kwetu wanavyopachika vipande vya tumbawe. Vinapunguza udongo na vinapunguza kunywea.

Halafu subira. Udongo ukikaza kiasi kwamba ukucha unaacha alama lakini kidole hakizami, upigwe kwa ncha za brashi ngumu, usipakwe. Kupiga huko kunaubana na kufungua matundu ya juu. Kupaka kwa mwiko hadi ung'ae kunayafunga, na kazi inaonekana safi siku hiyo tu. Udongo ukae sawa na uso wa jiwe au ndani kidogo. Usiachwe juu ya jiwe kama mshipa, maana mshipa ule unakinga maji ya mvua na kuyaingiza ndani.

Mwisho ufunikwe kwa magunia ya juti yaliyolowanishwa, yasiguse udongo, na juu yake turubai, kwa muda usiopungua wiki moja. Fundi mwenyewe arudi kuyanyunyizia. Kazi isifanyike joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, mchana wala usiku, na Uingereza maana yake ni Aprili hadi mwisho wa Septemba. Chokaa iliyopakwa Novemba hubomoka Februari, kisha watu wanasema chokaa haifai.

Sasa turudi kwenye Ijumaa yetu jioni. Dharura haihitaji udongo. Inahitaji uzio, tochi na watu wawili waliovaa mabuti ya mpira. Mawe yote yaliyoanguka yatolewe kijitoni kabla mkondo haujayasukuma, hata vipande; yapigwe picha, yapewe namba kwa chaki upande wa nyuma, yawekwe juu ya mbao mahali mtu hawezi kuyabeba kwenda kupambia bustani. Ikiwa jiwe limelegea kwenye tao lenyewe, watu wasipite juu, na tao litegemezwe kwa mbao kutoka chini kwa maelekezo ya mhandisi. Ukingo ulio wazi unaweza kukaa na uzio miezi sita bila daraja kudhurika. Tunashauri baraza liwe na sanduku moja la akiba: vizuizi vya plastiki, utepe, chaki, kamera ya simu itatosha, na namba za fundi wa chokaa na za ofisa wa majengo ya kale. Mifuko ya chokaa isiwekwe humo. Inavuta unyevu na kufa, na mfuko mfu ndio utakaotumika siku hiyo.

Kwa nini ukingo wenyewe ni mfupi kiasi hicho? Mhandisi wa barabara akiupima atatamani kuuongeza, na sababu yake ya usalama ni ya kweli. Lakini madaraja ya farasi wa mizigo yalijengwa membamba na yenye kingo fupi kwa sababu ambayo mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa. Mnyama akibeba shogi, mzigo unatokeza mbavu zote mbili, na ukingo mrefu ungeukwaruza. Ukiuongezea mawe, umefuta maelezo ya daraja zima. Afadhali kibao cha kuonya, na kigingi cha mbao kwenye kona magari yanakogeukia.

Kama kuna saruji ya zamani mahali popote, msikimbilie kuitoa. Ipimeni kwanza: kwaruza kwa ufunguo. Chokaa itaacha unga, saruji itaacha alama ya chuma juu yake. Ikiwa imelegea na inatoka kwa tindo ya mkono, itoke. Ikiwa imeng'ang'ania jiwe, iacheni hadi baridi na miaka viilegeze, kwa sababu kuing'oa kwa nguvu kunaondoka na midomo ya mawe. Hili linawaudhi watu wanaopenda kumaliza kazi, nasi tunawaelewa.

Mimea nayo. Mtambazi uliokwishaingiza mizizi kwenye viungo usivutwe ukiwa hai, utatoka na mawe. Ukatwe shina chini, uachwe ukauke mwaka au zaidi, kisha uondolewe taratibu na mwanya ujazwe. Mche wa mti uliochipua kwenye ukingo ung'olewe ukiwa na urefu wa kidole. Ukisubiri uwe fimbo, mzizi umeshakuwa tindo. Lakini kabla ya kuziba mwanya wowote chini ya tao, mtu amulike ndani. Popo hupenda kulala humo, wanalindwa na sheria, na kuwazibia ndani ni kosa la jinai mbali ya kuwa ukatili. Na anayetaka kusimama kijitoni na ndoo za chokaa aulize kwanza kibali cha mkondo: maji ya chokaa yakimwagika yanaua samaki. Kila baada ya mafuriko mtu atazame nguzo mahali inapokutana na maji, aondoe magogo yaliyokwama, achokoe chini kwa fimbo kuona kama mkondo umechimba. Daraja la mawe haliangushwi na uzito wa juu mara nyingi kama linavyoangushwa na shimo la chini.

Paa za majani tutazipitia haraka, maana waezekaji wa Somerset hawahitaji somo kutoka kwetu. Yetu ni makuti, yao ni mabua ya ngano yaliyochanwa, na kanuni ni ileile: mteremko mkali, nyuzi 45 hadi 50, ili maji yakimbie kabla hayajazama. Paa la mabua lililoezekwa vizuri linakaa miaka 25 hadi 35, mgongo wake ukibadilishwa kila miaka kumi hadi kumi na tano. Makuti yakifika minane tunashukuru. Tunaomba mambo mawili tu hapa. Mabua yawe ya ngano za zamani zenye bua refu, kama Maris Widgeon, na yasiwe ya shamba lililomiminiwa mbolea ya naitrojeni, kwa sababu bua lililokua haraka ni laini na huoza mapema. Pili, anayeezeka upya asifue paa hadi kwenye mbao. Katika sehemu hizo za Uingereza kuna nyumba ambazo tabaka la chini kabisa bado lina masizi ya mioto ya zama za kati, na tabaka hilo likishatupwa hakuna wa kulirudisha. Wenye majiko ya kuni wasafishe dohani mara mbili kwa mwaka. Mdomo wa dohani uwe juu ya mgongo wa paa kwa mita 1.8 au zaidi. Paa la majani likishika moto haligombwi, linatazamwa.

Kanisani adui ni gata iliyoziba. Unyevu mwingi unaolaumiwa mawe unaanzia kwenye majani makavu yaliyojaa mdomo wa bomba la mvua. Yatolewe mara mbili kwa mwaka: baada ya miti kupukutika, na tena kabla ya kiangazi. Mtu asimame nje mvua ikinyesha, na mwavuli, atazame maji yanakopita. Dakika kumi hizo zinazidi ripoti nyingi.

Ndani, kumbukumbu ya Speke na sanamu za kaburi za wazee wa karne za kati zilizo karibu naye zinahitaji kuachwa zaidi kuliko kusafishwa. Marumaru ni jamaa ya chokaa, na tindikali huila. Siki, ndimu, dawa za choo, hata sabuni ya vyombo, vyote visiguse. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya nywele, kavu, kutoka juu kwenda chini, mara moja kwa mwaka, na anayeshika brashi afunge kwa utepe chuma kinachoshika nywele zake ili kisigonge pua ya sanamu. Mkojo wa popo unachoma marumaru na shaba. Wakiwapo, sanamu ifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa kwa miezi wanayokaa, na plastiki isitumike. Chombo cha maua kisiwekwe juu ya jiwe, kwa kuwa duara la maji lililokauka halifutiki. Na ukuta wa nyuma ukivuja jasho, msipake rangi ya plastiki kuficha. Pakeni chokaa ya maji, kisha mtafute gata.

Tumefika kwenye ombi la mwisho. Maandishi yaliyochongwa kanisani yabaki kama yalivyo. Ni sehemu ya jiwe na ya wakati wake. Tunachoomba ni kibao kidogo kando, chenye Kiingereza na Kiswahili, kwa kibali cha dayosisi. Mfano wa maneno ni huu:

"Hapa amezikwa John Hanning Speke (1827–1864). Tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Kaze, Tabora ya leo, aliliona ziwa ambalo watu wa misafara waliliita Ukerewe. Wenyeji waliliita Nyanza, naye akalipa jina la malkia wake. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akakulia India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Alikuwemo pia katika msafara wa pili, ambamo Speke alifika karibu na Jinja tarehe 28 Julai 1862 na kuona maji ya ziwa yakitoka kuelekea Misri. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtunuku Bombay medali ya fedha. Alifariki mwaka 1885."

Neno "aligundua" tumeliacha nje. Wasukuma, Wakerewe, Wahaya, Waganda na Wajaluo walikuwa wakivua samaki ziwani humo siku Speke alipofika. Mkipenda kufupisha, fupisheni kwingine, jina la Bombay libaki zima.

Na kibao hicho kisitobolewe kwenye jiwe. Kikiweza kusimama kwa miguu yake, vizuri zaidi. Kikilazimika kuning'inia, matundu yapigwe kwenye viungo, ambavyo vinajazwa tena siku kibao kitakapoondolewa. Skrubu ziwe za chuma kisichopata kutu: chuma cha kawaida kikishika kutu kinavimba mara kadhaa ya unene wake na kupasua jiwe kutoka ndani, na mtalaumu jiwe. Herufi zisomeke na mzee aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani, katika mwanga wa asubuhi yenye mawingu, maana jua kali la kumulika kanisani hamna mengi.

Msimu wa chokaa unafunguliwa Aprili. Ukurasa wa masharti unaandikwa jioni moja. Tukiletewa rasimu tutaisoma, na pale mtakapoona tumekosea kuhusu jiwe lenu mtuambie, kwa kuwa sisi tulizoea tumbawe.

Wenu,
Mafundi wa chokaa na wenzao, pwani ya Afrika Mashariki